Picha ya Mzee Isipotee: Zana za Kwanza za Kutengeneza Picha kwa Kompyuta



Katika nyumba nyingi za askari na polisi, hapa Mutaho na penginepo nchini, mna picha moja inayothaminiwa kuliko vyombo vyote vya nyumba. Aghalabu ni picha ya mzazi aliyekwisha kufariki, ya siku ya harusi, au ya kijana siku alipovaa sare kwa mara ya kwanza. Majira ya mvua huitia unyevu, moshi wa jikoni huigeuza rangi, na mikono ya watoto huikunja pembe. Filamu yake haijulikani iliko. Picha hiyo ikiharibika, hakuna nyingine.

Leo picha ya namna hiyo yaweza kutengenezwa kwa kompyuta, na kazi yenyewe si ya mafundi peke yao. Hata hivyo, mkono usiofundishwa waweza kuiharibu kwa saa moja kuliko unyevu wa miaka 20. Kwa hiyo yafaa kujifunza zana chache kwa utaratibu.

Programu inayojulikana zaidi ni Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Hiyo hulipiwa. Lakini iko nyingine iitwayo GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Haiuzwi, yaruhusiwa kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Maelezo yafuatayo ni ya GIMP.

Sharti la kwanza huja kabla ya zana zote: linda asili. Picha ya karatasi inakiliwe kwa skana, kwa kipimo cha nukta 600 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho, picha ya sentimita 9 kwa 13 itatoa nukta 2,126 kwa 3,071, yaani zaidi ya milioni 6, nazo zatosha kuonyesha hata kifungo cha koti. Pasipo skana, ipige kwa simu mchana, kivulini, simu ikiwa sambamba na picha, bila kuwasha taa yake. Nakala hiyo ya kwanza iwekwe kando na isiguswe kamwe. Fanya kazi juu ya nakala ya pili.

Sasa tuingie katika zana zenyewe.

Kwanza ni kioo cha kukuzia. Kuza sehemu unayoishughulikia mpaka uone doa waziwazi, kisha rudi mbali kila mara uitazame picha nzima.

Pili ni zana ya kukata, iondoayo kingo zilizochakaa. Usikate kwa pupa. Mlango ulio nyuma ya bibi huenda ndio kumbukumbu pekee ya nyumba ya zamani.

Tatu ni kamba ya kuteulia. Kwa hiyo huzungusha mpaka mahali unapotaka kubadili, tuseme uso tu, na badiliko lolote halivuki mpaka huo.

Nne ni viwango vya mwanga, vilivyomo katika orodha ya rangi. Picha iliyofifia haina tena weusi wala weupe wa kweli. Yote imekuwa kijivu. Hapo utaona pembetatu tatu chini ya mchoro unaofanana na kilima. Sogeza ile nyeusi mpaka kilima kinapoanzia, na ile nyeupe mpaka kinapoishia. Mara nyingi uso hudhihirika tena.

Tano ni muhuri na bandeji. Muhuri huchukua sehemu nzima na kuibandika juu ya iliyochanika. Shika kitufe cha Ctrl, bonyeza mahali pa kuchukulia, kiachilie, kisha pita juu ya ufa. Bandeji hufanya vivyo hivyo, lakini hulainisha rangi ilingane na jirani zake. Tumia brashi ndogo, na badili mara kwa mara mahali pa kuchukulia, la sivyo alama zilezile zitajirudia.

Sita ni matabaka. Kabla ya kuanza, nakili tabaka la picha na ufanye kazi katika lile la juu. Ukibonyeza alama ya jicho, tabaka hilo hujificha, nawe utalinganisha ya zamani na mpya. Ukikosea, bonyeza Ctrl pamoja na Z, tendo la mwisho litatanguliwa. Hifadhi kazi katika mfumo wa XCF, unaotunza matabaka yote. JPEG iwe ya kuchapisha au kutuma tu, kwa sababu kila inapohifadhiwa upya hupunguza ubora kidogo.

Ndugu msomaji, zana zilezile zinazotengeneza zaweza pia kudanganya. Mwezi Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la habari la Reuters lilitoa picha ya moshi juu ya mji wa Beirut. Watazamaji waligundua kuwa mafungu ya moshi yalijirudia: mpiga picha alikuwa ameuongeza kwa muhuri. Reuters iliachana naye na kuziondoa picha zake zote katika hifadhi yake.

Kwa familia za walinzi wa usalama, funzo hilo ni zito. Kuondoa ufa uliopita usoni mwa baba ni kutengeneza. Kumwongezea cheo begani ambacho hakuwa nacho ni kughushi. Picha ya kitambulisho au pasipoti isibadilishwe uso hata kidogo, na picha ya ajali au ya mahali pa uhalifu iachwe kama ilivyopigwa, kwani huenda ikawa ushahidi.

Jiulize kabla ya kubonyeza: je, jambo hili lilikuwapo siku picha ilipopigwa? Kama lilikuwapo, lirudishe. Kama halikuwapo, liache. Wajukuu watakaomtazama mzee wao ukutani wamwone yeye mwenyewe.