Kitu Hiki ni cha Nani?



Mwezi huu ninajibu barua ya kijana mumoja wa Likasi. Kwa ufupi anasema hivi. Alimaliza masomo ya sekondari, akatafuta kazi katika kampuni za kuchimba madini, akakosa. Muzee mumoja aliyehamia muji mwingine akamwachia lupango ya milango minne aiangalie. Kijana analala katika chumba cha nyuma bila kulipa. Kazi yake ni kukusanya feza ya nyumba kila mwisho wa mwezi, kuziba mabati yanayovuja na kutuma hesabu kwa muzee. Katikati ya juma anazunguka na kinga akinunua chupa, bido na vyuma vya zamani, anavisafisha, kisha anaviuzisha sokoni. Akipata kuweka kitu kidogo pembeni, anasafiri Kolwezi kumwona dada yake.

Halafu anauliza: “Muchungaji, wenzangu wananicheka. Wanasema mimi ni mulinzi wa nyumba za watu na muokota takataka. Je, haya ni maisha ya mukristo, ao ni umaskini tu?”

Ndugu yangu kijana, asante kwa kuuliza. Jibu langu ni hili: maisha yako haina haya. Lakini yana mitego, na mimi mwenyewe nilianguka katika mumoja wa ile mitego. Nitakuambia.

KWA NINI WANACHEKA

Sisi watu wa miji ya migodi tumekomalia katika desturi moja. Tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, kampuni ilimupa mufanyakazi nyumba, posho ya unga, masomo ya watoto na hospitali. Baba zetu walitumika kwa nguvu, tusiwazarau. Lakini ndani ya kambi tulizoea kungoja mwisho wa mwezi, na wengi hawakujifunza kuchunga kitu kidogo. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa hiari. Kila mumoja alipokea feza kwa mara moja. Mumekwisha kuona wenyewe katika kartie zetu ni jamaa ngapi zile feza zilikaa kwao, na ni ngapi ziliyeyuka kama chumvi katika maji.

Basi mutu anayejua kuishi na kidogo hastahili kuchekwa. Bwana Yesu alilisha makutano kwa mikate mitano, na watu waliposhiba aliagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, visipotee (Yoane 6). Fikiri kidogo: yeye aliyeweza kufanya mikate mingine asubuhi yake, hakutaka vipande vya jana vitupwe! Kuokota mabaki ni kazi ya mitume kumi na wawili. Wewe unaona haya ya nini?

Lakini kabla ya kuokota, kabla ya kutumia, kabla ya kusafiri, ujiulize swali moja tu: Kitu hiki ni cha nani? Tulipitishe swali hilo katika kazi zako tatu.

1. NYUMBA YA MUTU

Nilipokuwa katika Shule ya Biblia, mimi vilevile niliangalia lupango ya muzee mumoja wa kanisa, milango minne kama yako. Nililala bure. Nilikuwa na kaye ya hesabu, na niliiandika vizuri sana. Katika sanduku langu nilichunga garanti ya wapangaji, kila moja katika bahasha yake.

Siku moja habari ikafika: baba yangu mudogo amekufa kule Kamina. Kilio kilikuwa kinangoja. Ninyi munajua mambo ya kwetu: yule anayesoma, hata kama anakula mara moja kwa siku, jamaa wanamuzania kuwa ana kitu. Sikutaka kufika mikono mitupu. Nikafungua bahasha moja. Nikajisemesha: “Siibi. Ninakopa. Nitarudisha mbele ya mutu kujua.” Nikapanda treni. Kule kwenye kilio wakanishukuru, wakasema mutoto wetu ametukumbuka.

Haikupita miezi miwili, yule mupangaji akanigongea mulango. Alikuwa mama mujane na watoto watatu. Kaka yake alimwita Kolwezi, kamiyo ilikuwa tayari barabarani, vyombo vyake viko inje. Akaomba garanti yake. Nilimwambia nini? Nilimwambia: “Mama, rudia juma ijayo.” Akaniangalia. Hakulia, hakutukana. Alisema tu: “Hata wewe, Muchungaji?” Nami nilikuwa bado si muchungaji, wapangaji waliniita vile kwa kuniheshimu.

Kamiyo ikaenda bila yeye. Usiku ule mvua ikanyesha juu ya magodoro yake.

Nikauzisha kinga na redio. Nikamulipa nusu kesho yake, na nusu nyingine nikamupelekea mwenyewe Kolwezi mwezi uliofuata. Nikamwandikia muzee yote, bila kuficha. Muzee akakuja, akahesabu bahasha, akanyoosha mukono, nikamupa funguo. Hakunigombeza. Alisema kwamba amenisamehe, lakini funguo atampa mwingine. Nikahama. Wakati ule niliona kwamba amenitendea vikali. Leo ninaona kwamba alitengana mambo mawili ambayo sisi tunachanganya: kusamehewa ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine.

Paulo anaandika kwamba kinachotafutwa kwa musimamizi ni aonekane mwaminifu (1 Wakorinto 4:2). Hasemi awe na akili nyingi, ao kaye nzuri. Kaye yangu ilikuwa nzuri!

Kwa hiyo, kijana, shika haya:

Garanti si feza yako, wala si ya mwenye lupango. Ni ya mupangaji, inalala tu kwenu mpaka atoke, kama hana deni na hakuharibu nyumba. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha iliweka mupaka: kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi mitatu. Ukiona watu wanaomba miezi sita ao zaidi kwa chumba kimoja, usifuate mufano wao.

Mapatano yaandikwe, pande zote mbili zitie mukono. Kila malipo, toa karatasi. Mambo ya umeme na maji, muyaseme mbele ya mutu kuingia, si siku ya ugomvi.

Feza ya nyumba usiiingize katika likelemba, hata kwa juma moja. Likelemba ni muzuri, lakini ingia na feza yako mwenyewe. Na chumba unacholala bure, usikihesabu kama bure. Ni mushahara wako. Kila mwezi weka pembeni sehemu ya ile ungelipa mahali pengine. Usipofanya vile, utaangalia nyumba za watu miaka kumi, na siku utakapotoka hautakuwa na kitu.

2. KITU KILICHOTUPWA

Biashara ya mabaki ni ya heshima. Chupa ya plastiki ikioshwa, mama wa mafuta ataitumia. Bati la zamani linakuwa mbabula. Aluminiamu ya kuvunjika inayeyushwa, inakuwa sufuria. Kiti cha muguu mumoja kinangoja fundi tu. Musa aliagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, aachie maskini na mugeni (Walawi 19), na Ruta aliishi kwa masuke yaliyobaki. Lakini angalieni: Ruta aliomba ruhusa kwanza. Hakuingia shambani usiku.

Hapa, vijana, ndipo zambi inapoingia. Kitu kilichotupwa na kitu kilichoachwa dakika mbili si kitu kimoja. Kebo ya shaba iliyo juu ya nguzo haikutupwa. Chuma cha reli hakikutupwa. Kifuniko cha shimo la barabara hakikutupwa. Wanapokata kebo, kartie nzima inalala gizani, na mama anazaa kwa mwangaza wa mushumaa. Naye anayenunua ile shaba kwa bei ya chini, akisema “mimi sikukata,” mikono yake haina usafi. Mutu akikuletea kebo iliyochomwa moto usiku, usiulize bei. Umwambie arudi nayo.

Kuna vitu vingine vilivyotupwa kweli, na bado tusiviguse. Viwanda vyetu vinatumia asidi ya salfuriki kwa kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe, pamoja na dawa zingine kali. Pipa na bido zilizobeba dawa zile zinafika sokoni kwa bei ya kupendeza. Usizinunue, usiziuzishe kwa kuchotea maji ao kupikia pombe ya mahindi ao kuwekea mafuta. Sabuni haitoshi kuzisafisha. Plastiki inakunywa dawa, kisha inairudisha polepole katika maji ya mutoto. Bateri za zamani za gari vilevile: usizivunje wala kuyeyusha risasi yake ndani ya lupango. Moshi na vumbi vyake ni sumu, na inaharibu akili ya watoto wadogo zaidi ya wakubwa. Faida ya siku moja isinunue ugonjwa wa maisha.

Basi swali letu linaongezeka: Kitu hiki ni cha nani, na kitakwenda kwa nani?

3. SAFARI

Unauliza kama ni vema kusafiri wakati hauna kitu. Ndiyo, kwenda kumwona dada yako ni vema. Jamaa isiyotembeleana inakufa. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 180, si mwisho wa dunia. Lakini safiri kwa akili.

Safari iwe na feza yake katika bahasha yake, iliyokusanywa kidogo kidogo. Kama bahasha haijajaa, safari haijafika. Hata kilio! Ninajua neno hili ni gumu. Lakini ni afazali kufika kwenye kilio na mikono mitupu kuliko kufika na garanti ya mujane. Andika barua, tuma salamu, omba pamoja nao kwa simu, na uende siku utakayoweza.

Beba chakula chako cha njiani. Beba kitu cha kuuzisha kule, na uliza nini kinakosekana huku, kusudi kurudi kulipe sehemu ya kwenda. Wakati wa mvua barabara zinakatika. Hesabu siku mbili zaidi. Na usipande juu ya muzigo wa kamiyo kwa kuokoa feza kidogo. Tumezika watu kwa sababu ya bei ile. Maisha yako si yako mwenyewe. Yalinunuliwa kwa damu.

Ukifika kwa dada yako, usiwe muzigo. Mwambie tangu mwanzo siku utakazokaa. Peleka sabuni ao chumvi. Ukiona mulango wake unalia, uutengeneze. Mutume Paulo alishona hema kwa mikono yake katika muji wa Korinto (Matendo 18), na usiku na mchana alitumika ili asiwalemee watu aliowahubiri. Mugeni wa namna ile, wakati anaaga, watoto wanamushika nguo.

MWISHO

Kijana wa Likasi, wenzako wakicheka tena, usigombane nao. Wewe jua kwamba kuna mutu anaitwa maskini, na kuna mutu anaitwa mwaminifu katika kidogo. Na kwa macho, wote wawili wanavaa shati moja. Tofauti inaonekana siku mupangaji anagonga mulango na kuomba kilicho chake. Siku ile fungua sanduku, toa bahasha, umupe mbele ya watoto wake. Mimi sikuweza. Wewe unaweza.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:
Ndani ya nyumba yetu kuna kitu gani cha mutu mwingine ambacho tumezoea kukiita chetu?
Bido tunazowekea maji, tunajua zilibeba nini mbele?
Baba na mama: watoto wetu wanajua kwamba feza ya kilio na feza ya masomo ni bahasha mbili?

Tuombe: Bwana, utufundishe kuchunga kidogo, na kurudisha cha mutu kabla hajakiomba. Amina.