Tarakilishi ya Mwanafunzi wa Kiswahili Yazungumza Lugha Gani?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuketipo mbele ya tarakilishi, huwa tunacheza kwetu au ugenini?

Swali hili lilinijia nilipopata kipakatalishi changu cha kwanza, kilichokwisha kutumika, baada ya kudunduliza akiba kwa mihula miwili. Nilikipakata mithili ya mzazi apakataye kifunguamimba, nikampelekea fundi karibu na lango la chuo. Mgala muue na haki yake mpe: fundi huyo aliijua kazi yake. Alinieleza kuwa Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo yafaa nihamie Windows 11. Akaongeza kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8, akabadilisha diski, akaweka mfumo mpya. Mfumo ulipouliza lugha, alibonyeza Kiingereza bila kuinua macho. Nami, mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili, nikanyamaza.

Jioni hiyo maktabani niliunganisha mashine na mtandao pasiwaya wa chuo. Mwenzangu aliponiuliza nimefikia wapi, nilimjibu: "Nimeapgredi laptopu, nimekonekti waifai, sasa inadaunilodi apdeti." Asubuhi ya siku iyo hiyo nilikuwa nimewasilisha semina kuhusu uundaji wa istilahi, nikitetea kwa nguvu zote maneno kama nywila na pasiwaya! Nilijiona kama mpishi asiyekila chakula chake.

Wapo watakaosema kuwa istilahi hizo ni za mtihani tu. Hoja yao ina uzito. Kati ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta bado hatujaafikiana, na neno kipakatalishi humshangaza muuzaji dukani. Hata hivyo, barua pepe nalo lilikuwa neno geni; leo ni nani hulistaajabia? Neno halikomai kamusini, bali hukomaa kinywani mwa wasemaji.

Wengine watadai kuwa programu za Kiswahili hazipo. Hili si kweli. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Windows 10 nayo ilikuwa na kifurushi cha Kiswahili kilichopakuliwa bila malipo. Ni kweli kwamba tafsiri hizo zina dosari, na baadhi ya maneno huchoma sikio. Lakini ni nani atakayezisahihisha ikiwa sisi tuliosomea taaluma hiyo hatuzitumii?

Usiku ule ule nilipakua programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Siku mbili za kwanza nilipotea kama mgeni mjini, nikitafuta vitu nilivyovizoea kwa majina mengine. Siku ya tatu nilizoea. Baadaye nilikirudisha kipakatalishi kwa fundi ili abadilishe betri. Alisoma kwa sauti neno "Mipangilio", akacheka, kisha akaimaliza kazi yake yote kwa Kiswahili bila kuuliza swali. Hapo nilitambua kuwa tatizo halikuwa kwake. Mimi ndiye niliyenyamaza siku ile.

Kwa hivyo, napendekeza chama chetu kitenge siku moja mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo, tuwasaidie wanafunzi wapya kutayarisha vipakatalishi vyao: kuunganisha mtandao, kusasisha mfumo na kuchagua programu za Kiswahili. Kila atakayekumbana na tafsiri mbovu aiandike pamoja na pendekezo lake, nalo jarida hili lichapishe orodha hiyo ili wahadhiri wetu waijadili.

Wapenzi wa Kiswahili, mfumo utakapouliza tena lugha, tusimwachie fundi atujibie.