Vazi la Mnenguaji Huanzia Kiunoni

Jina la kitu aghalabu huelekeza matumizi yake, na jina likipotoka, matumizi nayo hupotoka. Ndivyo ilivyo kwa ngoma ya Misri ijulikanayo duniani kama densi ya tumbo. Jina hilo si la Wamisri. Lilitoka kwa Wafaransa, kisha likaenea Marekani hasa baada ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Wenyewe huiita raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki, na ile ya harusini na mitaani huiita raqs baladi, ngoma ya kienyeji. Katika majina hayo mawili, tumbo halitajwi. Hata hivyo, kwa kuwa jina la wageni ndilo lililoshika, wengi wanaotaka kujifunza ngoma hii hudhani kwamba swali la kwanza kuhusu vazi lake ni tumbo liachwe wazi kiasi gani. Makala haya yanashikilia kwamba hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni kiuno.

Historia ya vazi lenyewe yaunga mkono hoja hii. Mwanamke wa Misri aliyecheza harusini alivaa kanzu yake ndefu, akajifunga kitambaa nyongani, basi. Vazi la vipande viwili, yaani sidiria ya ushanga na mkanda wa nakshi juu ya sketi ya shifoni, ni zao la jukwaa. Lilipata umaarufu katika kumbi za Cairo, ukiwemo ule uliofunguliwa na Badia Masabni mwaka 1926, na filamu zikalieneza. Lilikusudiwa kumeremeta chini ya taa, mbele ya watazamaji waliolipa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, wachezaji walitakiwa kufunika tumbo, nao wakavaa kitambaa chepesi cha wavu, ngoma haikufa. Mahmoud Reda alipoanzisha kundi lake mwaka 1959, Farida Fahmy alicheza akiwa amevalia mavazi ya kusitiri, na akawa kipenzi cha Wamisri wengi.

Mswahili hahitaji kwenda Cairo kulielewa jambo hili. Mwanamke wa pwani anapoingia katika chakacha, hujifunga leso kiunoni ikakaza. Hicho ndicho kibwebwe. Kitambaa hicho huonyesha kila mzunguko wa nyonga bila kumvua mchezaji chochote. Si ajabu kwamba lugha imekichukua kibwebwe na kukifanya nahau ya bidii: ajifungaye kibwebwe amejiandaa kwa kazi. Vazi la ngoma, basi, ni zana kabla ya kuwa pambo.

Kutokana na msingi huo, kanuni za uchaguzi si ngumu. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si kwenye kiuno chembamba cha juu, kwa maana hapo chini ndipo mwendo ulipo. Mwenye nyonga nyembamba hufaidika na matamvua mazito na safu za sarafu, ambazo huongeza upana na kuukuza mtikisiko. Mwenye nyonga pana hupendezwa na mkanda ulioshuka mbele kwa pembe, na matamvua marefu yanayovuta jicho kwenda chini. Sidiria ishikwe na kanda pana zilizoshonwa imara, na ndani iwekwe pamba laini, kwa sababu ushanga huchubua makwapa. Sketi iishie kwenye kifundo cha mguu, ikiburura, itakanyagwa. Atakaye kufunika tumbo avae wavu au kanzu iliyobana kidogo nyongani.

Zaidi ya yote, vazi lijaribiwe kwa mwendo, si kwa kioo pekee. Mnunuzi ainue mikono, aketi, ainame, azunguke, kisha atikise nyonga kwa muda wa wimbo mzima. Likipanda, likishuka au likimlazimu kulivutavuta, halimfai, hata liwe zuri namna gani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wapo watakaodai kwamba jukwaa lina desturi zake, na kwamba urembo hauji bila udhia. Hoja hiyo ina ukweli kiasi: nakshi na mng'aro ni sehemu ya sanaa hii, na anayependa kuacha tumbo wazi asizuiliwe. Lakini mtazamaji hutambua upesi mchezaji anayeliogopa vazi lake. Mabega hukakamaa, mikono hurudi kifuani kila mara, na tabasamu huwa la kubandika. Vazi lililodhaniwa kuwa la kupendeza ndilo linalomharibia mchezaji haiba.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, haipatikani jukwaani. Ni ya wale wasiofika hapo kabisa: mama aliyezaa, msichana mnene, bibi mwenye umri, mwenye kovu la upasuaji, au anayeshika stara kwa imani yake. Hao huambiwa na jina lililokosewa kwamba ngoma hii si yao. Kumbe huko ilikotoka, kwenye harusi na nyua za Misri, ilichezwa na wanawake kama hao hao. Mlango wao wa kurejea ni kitambaa kimoja kilichofungwa vyema nyongani.