Faili kubwa hukataliwa kwa kuchelewa, hasara ni ya mfanyabiashara

MERIKIT, Tororo – Mfanyabiashara wa Merikit anayetaka kuvusha shehena ya mahindi kwenda Kenya kupitia Busia au Malaba hana budi kutanguliza karatasi kabla ya magunia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha ikayaruhusu siku chache baadaye kwa masharti, yakiwemo cheti cha asili ya bidhaa na cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini, yaani sumukuvu, haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ongeza hapo ankara na orodha ya mzigo. Karatasi hizo huskaniwa na kutumwa kwa mtandao, ama na mwenye mzigo ama na wakala wake wa forodha.

Hapo ndipo tatizo dogo huzaa hasara kubwa. Tovuti nyingi zina kikomo cha ukubwa wa faili, lakini baadhi hazimwambii mtumaji kwamba amekipita mpaka faili yote iwe imefika.

Hesabu yake ni nyepesi. Faili ya megabaiti 12 kwenye laini inayopandisha kilobiti 256 kwa sekunde huchukua dakika 6 na sekunde 15. Kama kikomo ni megabaiti 2, dakika hizo zimekwenda bure. Mtu akijaribu mara tatu akidhani mtandao ndio mbovu, amepoteza megabaiti 36 za bando na karibu dakika 19, na lori bado limesimama. Ofisi ya mjini yenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde hupoteza sekunde 10 tu kila jaribio.

Kwa maneno ya kiuchumi, gharama hii haimo kwenye vitabu vya mwenye tovuti. Anayeilipa ni mtumaji, na mwenye laini dhaifu hulipa zaidi. Ndiyo maana kasoro yenyewe hudumu miaka bila ya mtu kuiharakia.

Kwa nini hutokea

PHP, lugha ya programu inayotumika kwenye tovuti nyingi duniani, kwa kawaida hupokea faili yote kwanza, ndipo programu ya mwenye tovuti ianze kazi. Kikomo chake, kisipobadilishwa, ni megabaiti 2 kwa faili moja na megabaiti 8 kwa fomu nzima. Fomu ikizidi hizo 8, programu hukabidhiwa fomu tupu. Mtumaji anaweza kuambiwa "jaza nafasi zote" ilhali alizijaza moja baada ya nyingine.

Seva ya nginx hukagua mapema zaidi. Kwa kawaida faili hutanguliwa na maelezo mafupi yanayotaja ukubwa wa kinachokuja. Nginx husoma namba hiyo, na ikizidi kikomo, ambacho ni megabaiti 1 kisipobadilishwa, hukataa kwa jibu namba 413. Lakini mara nyingi kivinjari hushindwa kulionyesha jibu hilo kwa sababu bado kinatuma. Mtumaji huona tu kwamba mawasiliano yamekatika, naye huanza upya.

Dawa ipo

Kivinjari huujua ukubwa wa faili mara tu mtu anapoichagua, kabla ya baiti moja kuondoka. Mistari michache ya programu ndani ya ukurasa inatosha kumwambia papo hapo: faili yako ni megabaiti 12, kikomo ni 2. Aina ya faili pia hujulikana mapema, kwani PDF hujitambulisha kwenye herufi zake za mwanzo kabisa. Na pale ambapo faili kubwa ni lazima, inaweza kutumwa vipande vipande, ili laini ikikatika mtumaji aendelee alipoishia.

Hata hivyo, seva isiamini neno la mtumaji peke yake. Ukubwa uliotajwa ni kama tamko la mzigo, na mizani bado ina kazi yake. Seva inapaswa kuhesabu baiti zinapoingia na kukata pale kikomo kinapopitwa. La sivyo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuijaza mpaka wote wakose huduma.

Wasafirishaji wanaielewa kanuni hii vizuri. Himaya Moja ya Forodha ilipoanza mwaka 2014, mzigo wa Uganda ulianza kutolewa tamko na kulipiwa kodi ukiwa bado Mombasa, badala ya kasoro kugunduliwa mpakani baada ya safari ndefu. Mwaka huohuo Kenya ilizindua mfumo wake wa dirisha moja la kielektroniki. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi, ili lori lisimame mara moja tu. Faili nayo inastahili kukaguliwa inapoanzia safari.

Kwa sasa, mfanyabiashara anaweza kujilinda. Ulizia kikomo cha tovuti kabla ya kuskani. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa nukta 300 kwa inchi una data mara 12 ya ukurasa huohuo wa kijivu kwa nukta 150, na kwa hati nyingi zilizochapwa, nukta 150 zinasomeka. Pale tovuti inaporuhusu, tuma kila cheti katika faili yake, ili kimoja kikikataliwa usirudie vyote. Na usiruhusu lori liondoke kabla hujapata namba ya mapokezi ya hati zako.

Vyama vya wasafirishaji na mawakala navyo vina la kudai kwenye vikao na mamlaka: kila ukurasa wa kupokea hati utaje kikomo chake waziwazi, na uikatae faili isiyofaa kabla haijaondoka kwa mtumaji. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa mtaalamu mmoja, na haihitaji mkopo wala mfadhili.