WAZITO WANAPONA, WEPESI TUNAZIKWA!

Kijana mwenzangu, uwe Manzese, Kariakoo au Mpanda mjini, hebu tuambiane ukweli. Ukirudi nyumbani Katumba unapanda nini? Shangingi? Thubutu! Unapanda bodaboda, bajaji, au kigari cha watu watano mlichobananishwa wanane. Mara nyuma yenu honi, taa zinawaka mchana kweupe: mkubwa anapita, pisheni! Nanyi mnaingia vumbini.

Leo sizungumzii bei ya shangingi hilo, ingawa kodi yako ndiyo iliyolinunua. Nazungumzia uzito wake.

Chukua hesabu hii, haina chama. Kigari chenu na watu wake ni kama tani moja. Shangingi na watu wake ni kama tani tatu. Yote mawili yanakwenda kilometa 80 kwa saa, yanakutana uso kwa uso na kung'ang'aniana. Tani tatu zinaisukuma tani moja: vyuma vyote vinaendelea kule lilikokuwa likienda shangingi, kwa mwendo wa kilometa 40. Mkubwa katoka 80 akafika 40, amepunguziwa 40 tu. Wewe ulikuwa ukienda mbele kwa 80, sasa unarudishwa nyuma kwa 40. Jumla 120! Tena kufumba na kufumbua. Yeye ana mkanda na mfuko wa hewa. Wewe umempakata jirani.

Mwenye bodaboda je? Huyo hata hesabu tusimfanyie, tumwombee.

Usidhani ni maneno ya kijiweni. Wachumi Michael Anderson na Maximilian Auffhammer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza ajali za Marekani. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema kugongwa na gari lililozidi kwa kilo 450 hivi kunaongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 47. Na hao wanazungumzia magari yenye mikanda!

Sasa, dawa ni kila mtu atafute shangingi lake? Hapana! Gari zito humlinda aliye ndani kwa kumhamishia maumivu aliye nje. Tukianza mashindano hayo, nani atalishinda lori la tani 56? Na wakubwa wasijidanganye. Aprili 12, 1984 Taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine huko Dakawa, Morogoro, Mercedes-Benz yake ilipogongana na Land Cruiser. Alikuwa Waziri Mkuu, na bado tulimzika.

Serikali inajua kupima uzito, tena vizuri sana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori, na mizani ipo barabara kuu. Ukizidisha, unalipa. Lakini mizani ile inalinda lami. Mbavu zako nani anazilinda?

Tunachodai si anasa. Uzito wa mlalahoi ni basi na treni. Reli ya Kaliua hadi Mpanda inapita hapo hapo Katumba. Behewa halipishani na shangingi kwenye kona. Tupeni treni ya uhakika na mabasi ya kutosha, muone kama kuna mtu atakubali kubanwa kama dagaa. Tengeni njia ya pembeni kwa baiskeli, bodaboda na waendao kwa miguu. Na ule mwendo wa kilometa 50 kwenye makazi uwahusu na wenye misafara, maana hesabu ya kugongana haiulizi cheo.

Nawe kijana, acha kusema "twende tu, Mungu yupo." Mungu yupo, na akili alikupa. Ukiambiwa sogea aingie wa tisa, shuka!

Katumba ilijengwa na watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walifyeka pori, wakalima, na tangu mwaka 2014 maelfu wana vyeti vya uraia wa Tanzania mikononi. Hawakunusurika kule ili watoto wao wafie kwenye kigari cha tani moja. Atakayekuja kuomba kura kwa shangingi, mwulize kabla hajashuka: sisi wepesi, umetuwekea nini barabarani?