Masaa hewa sitaki

Najua nilipotea, mitihani ilinishika pabaya. Leo nina hoja moja, tuijadili bila jazba.

Wengi mnajua pembeni ya digrii nasomea ukocha. Si wa mpira jamani, maana kila nikimwambia mtu ananiuliza Simba au Yanga! Ni ule wa kukaa na mtu mwenye jambo lake, unamuuliza maswali mpaka anaiona njia mwenyewe. Natafuta cheti cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, ngazi ya kwanza inayoitwa ACC. Ukiacha masaa 60 ya mafunzo, unatakiwa uwe na masaa 100 ya vitendo na wateja wasiopungua 8, na 75 kati ya hayo yawe ya kulipwa. Yote unayaandika: mteja ni nani (akiridhia), lini, muda gani.

Mimi mpaka leo nina 31. Wiki iliyopita mwenzangu wa kozi akaniambia, "We nawe unajitesa bure. Andika binamu zako, nani atawapigia simu? Si kama logibuku ya fildi tu?"

Nikacheka, maana ukweli tunaujua. Nani hapa hajawahi kumwona mtu anajaza wiki nane za fildi usiku mmoja, kwa kalamu tatu tofauti?

Lakini nilikataa, na sababu ni mama mmoja mwenye genge kule Mbezi Beach, karibu na kituo cha Afrikana. Kila Jumamosi napanda daladala Mwenge namfuata. (Ameniruhusu niandike haya.) Siku ya kwanza alikuwa anawaza achukue mkopo wa kikundi au aache. Basi nikamwaga nondo weee: mtaji, faida, riba! Saa ikaisha. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbona leo hujaniuliza kitu?"

Nilikosa jibu. Saa ile sikuiandika. Ule haukuwa ukocha, ulikuwa ushauri, tena wa mtu ambaye hajawahi kuuza hata fungu la nyanya.

Jumamosi iliyofuata nikauliza moja tu: "Mama, kwenye huo mkopo unaogopa nini hasa?" Kisha nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka ulimi ukaniwasha. Kumbe hakuogopa riba. Aliogopa wanakikundi, maana mmoja akishindwa kurejesha, wote wanabeba. Akaamua mwenyewe kusubiri, aweke akiba kwanza. Akanifungia mchicha na nazi mbili. Nikaandika: saa 1, ya kulipwa. Ndiyo, ICF hawajali kiasi, hata malipo ya vitu yanahesabika.

Sasa niambieni, saa kama ile ningeitoa wapi kwenye majina ya binamu zangu? Mwaka 2016 Serikali iliondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara, na nchi nzima ikalaani. Masaa hewa yana tofauti gani? Tena anayeumia siyo ICF. Ni mteja wa kwanza atakayekuja baada ya cheti, ana ndoa inayumba au kazi inayomtoa machozi, anamkuta kocha ambaye hajajifunza kunyamaza.

Nakubali, kwa mwanafunzi kupata wateja wa kulipa ni kazi. Ndugu wanataka bure, na nauli ni yako. Lakini hata buku moja ni malipo, omba bila aibu. Nikipata masaa mawili kwa wiki, 69 yaliyobaki ni kama miezi minane. Si mbali.

Na nyie mnaokwenda fildi mwaka huu, kalamu moja inatosha. Jazeni kila siku jioni.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aiweke hapa, nitamsikiliza... nazoea kunyamaza siku hizi!