Ahadi ya Mwimbaji ni Deni

Kuna neno zuri tunalolitumia vibaya katika kwaya zetu, nalo ni "huduma". Kwaya ikialikwa harusini, ikapatana bei na kamati na kupokea malipo ya awali, wote tunasema tuna kazi Jumamosi. Jumamosi ikifika na nusu ya waimbaji hawaonekani, ghafla kazi inageuka huduma, na tunaambiwa mtu halazimishwi kumtumikia Mungu. Wakati wa kupokea fedha ni kazi, wakati wa kutokea ni huduma. Huo si unyenyekevu. Ni ujanja.

Chukua mfano ambao mwanakwaya yeyote wa Mbagala au Tegeta atautambua. Kamati imelipia kwaya ya watu 24. Ukumbini wamefika 11. Sauti ya nne amekuja mmoja, naye ana mafua. Simu ya mpiga kinanda inaita bila kupokelewa. Kumbe amepata shughuli nyingine Sinza inayolipa zaidi. Mwingine anasema, "Nipo njiani, nimeshafika Ubungo," huku nyuma ya sauti yake anasikika mama mwenye nyumba akigombeza watoto. MC anaitangaza kwaya. Wale 11 wanaimba hadi makoo yanawauma, na wenye harusi wananyamaza kwa kuwa hawapendi kugombana na watu wa kanisa.

Hapo tunajipongeza kwamba yamekwisha. Hayajaisha. Fedha ile ilitoka kwenye michango: shangazi aliyeahidi kwenye kadi na kulipa kidogo kidogo, jirani aliyepunguza matumizi ya nyumbani ili asiaibike. Wao walitimiza ahadi zao. Kwaya za jiji hili, kama Uinjilisti Kijitonyama kule Kinondoni na AIC Chang'ombe kule Temeke, zimelipa jina la kwaya heshima hadi nje ya nchi. Kamati inapotulipa, inalipia heshima hiyo. Tukiitumia kuchukua fedha na kupeleka nusu ya watu, tumechukua cha watu.

Wapo wanaosema hapakuwa na karatasi iliyosainiwa. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, haidai kila makubaliano yaandikwe ndipo yawe mkataba. Na kwa Mkristo jambo hili linakwenda mbali zaidi. Zaburi ya 15 inamtaja mtu anayestahili kukaa hemani mwa Bwana kuwa ni yule ambaye akiapa habadili neno, hata kama linamgharimu. Katika Mathayo 21, Yesu anaeleza habari za wana wawili, na yule aliyesema "naenda" kisha hakwenda ndiye hakufanya mapenzi ya baba yake. Hakuna aliyemuuliza kama sauti yake ilikuwa nzuri.

"Tusihukumu, tusamehe," tunaambiwa. Tusamehe kweli. Lakini kusamehe ni kuondoa kinyongo, si kumrudishia mtu kipaza sauti wiki inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia. Safari ya pili ilipofika, Paulo alikataa kumchukua, hata akaachana na Barnaba kwa ajili hiyo. Miaka ikapita, na Paulo huyo huyo akamwagiza Timotheo amlete Marko, kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Mlango haukufungwa milele, ila haukufunguliwa kwa kujifanya hakuna kosa. Mwimbaji anayetoweka aje kwanza mazoezini miezi kadhaa mfululizo, ndipo awekwe kwenye orodha ya mwaliko wa kulipwa.

Sasa niwageukie viongozi, maana lawama hii ina upande wa pili. Katika Nehemia 13 tunasoma kwamba Walawi na waimbaji waliiacha nyumba ya Mungu, kila mtu akakimbilia shambani kwake. Nehemia hakuanza kwa kuwakaripia waimbaji. Aligombana na wakuu, kwa sababu sehemu za Walawi zilikuwa hazitolewi. Kisha akawarudisha watu mahali pao, akaweka watunza hazina waaminifu wa kuwagawia ndugu zao. Ni waimbaji wangapi wetu hawajui kwaya ililipwa kiasi gani? Dada anayetoka Bunju kwenda Chamazi anapanda daladala zaidi ya moja, anakatiza jiji zima kwenye foleni, na kurudi usiku kwa nauli ya mfukoni mwake. Mweka hazina akificha hesabu, asishangae viti vikibaki vitupu. Nauli itolewe kabla ya siku, na mapato yasomwe mbele ya wote.

Ugonjwa na msiba si utoro. Lakini mgonjwa mwenyewe, au hata mtoto wake, anaweza kutuma ujumbe asubuhi. Anayezima simu ametoroka.

Na wale 11 wafanye nini jioni ile? Wasidanganye. Wasiwekewe CD wakachezesha midomo mbele ya watu waliolipia sauti zao. Mwenyekiti aifuate kamati kabla ya kwaya kupanda jukwaani, aseme: tuliahidi 24, tumekuja 11, tutaimba nyimbo tunazoziweza, na sehemu ya fedha yenu itarudi. Mwalimu aache wimbo unaotegemea besi, achague ule ambao sauti tatu zinaubeba. Wasiwasengenye walioshindwa kuja kwenye kipaza sauti. Hayo yana siku yake mazoezini, ana kwa ana. Kisha waimbe kwa moyo wote, kwa sababu bibi harusi hakuwakosea.

Kurudisha fedha kutauma, na inapasa kuume, tena kuwaume walioikosesha kwaya kuliko waliofika. Kwaya itakayorudisha hata shilingi 50,000 mara moja tu itahubiri Mbagala nzima kuliko albamu tatu. Na isiyoweza kurudisha, wala kumwambia ndugu yake "safari hii hutaimba", iache kupokea malipo ya awali. Iimbe bure Jumapili, mpaka itakapojifunza kutokea.